Kijiko cha sukari ndani ya matangi mawili

Tuanze na hesabu ya jikoni. Chukua matangi mawili ya maji, yale meusi ya lita elfu moja moja yanayokaa juu ya paa, uyajaze mpaka juu. Tia humo kijiko kimoja cha chai cha sukari, ukigawe kati ya matangi yote mawili, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Onja. Hutasikia utamu wowote. Lakini kaboni iliyomo sasa katika kila lita ya maji hayo inakaribiana sana na ile kaboni itokayo kwa viumbe iliyoyeyuka katika kila lita ya maji ya juu ya bahari kuu: chini kidogo ya miligramu moja. Ukishuka kilomita mbili tatu kwenda chini, inabaki kama nusu yake.

Uji mwepesi namna hiyo hata mgonjwa angeukataa. Ila sufuria ni kubwa. Ukiijumlisha kaboni hiyo katika bahari zote za dunia unapata takriban tani bilioni 660, zaidi kidogo ya kaboni yote iliyokuwa angani kabla ya zama za viwanda. Ni karibu mara mia ya kaboni iliyomo katika miili ya viumbe hai wote wa baharini, kuanzia nyangumi na jodari hadi bakteria wenyewe.

Na bakteria wamo. Katika kila mililita ya maji ya juu wamo karibu milioni moja, maana yake kijiko kimoja cha maji ya bahari kina bakteria wapatao milioni tano. Wote wanaogelea ndani ya chakula, na wengi wao wana njaa. Basi kwa nini hawajakimaliza? Kaboni hii imekaa baharini muda mrefu kuliko falme zote unazozijua, na walaji wapo mlangoni usiku na mchana. Jibu halijatulia mpaka leo, lakini ukilifuata unajifunza mengi kuhusu maana ya kula, na maana ya kukua, kwa kiumbe asiye na mdomo wala tumbo.

Kinachoitwa "kilichoyeyuka"

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kaboni iliyo nyingi zaidi baharini si hii. Iliyo nyingi ni ile itokayo kwenye hewa ya ukaa, ambayo imeingia majini ikawa bikaboneti. Hiyo bakteria tunaowazungumzia hawaili. Hapa tunazungumzia kaboni ogania: sukari, protini zilizokatika, mafuta, asidi, na maelfu kwa maelfu ya molekuli nyingine zilizowahi kuwa sehemu ya kiumbe fulani au kutoka ndani yake.

Neno "iliyoyeyuka" nalo lina hila. Watafiti huyapitisha maji kwenye chujio lenye matundu madogo, mara nyingi kati ya sehemu mbili na saba za kumi za maikromita (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na chochote kinachopita wanakiita kilichoyeyuka. Kwa kipimo hicho virusi "vimeyeyuka", utelezi wa mwani uliojikunja kama kipande cha jeli "umeyeyuka", hata bakteria mmoja mmoja mdogo hupenya akahesabiwa. Ni mpaka wa chujio tu. Bahari yenyewe haina mstari huo.

Kupima kinachopita ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu unatafuta miligramu moja ya kaboni ndani ya lita yenye gramu thelathini na tano za chumvi. Njia ya siku hizi ni kuyachoma maji kwa joto la nyuzi zipatazo 680 juu ya kichocheo cha platinamu, kisha kupima hewa ya ukaa inayotoka. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Japani, Sugimura na Suzuki, walitangaza kuwa kwa kuchoma kwa namna hiyo walipata kaboni nyingi mno kuliko iliyokuwa ikijulikana. Ulimwengu wa sayansi ya bahari ukataharuki, maabara zikashindana kurudia vipimo, na matokeo hayakupatana. Mwaka 1993 Suzuki mwenyewe aliandika kuyaondoa matokeo yale. Mimi humheshimu kwa hilo kuliko wengi wanaosifiwa kwa uvumbuzi. Zaidi ya hayo, purukushani ile iliwalazimisha wote kusafisha vipimo vyao, na namba ninazozitaja hapa zinaaminika kwa sababu yake.

Kaboni yenyewe inatoka wapi? Sehemu kubwa huanzia kwa mwani wa hadubini, ule unaoelea juu kunakofika jua. Kwa mwaka mmoja mwani huo hutengeneza takriban tani bilioni 50 za kaboni ogania, karibu nusu ya kazi hiyo kwa dunia nzima. Nusu nyingine ni misitu, nyasi na mashamba ya nchi kavu. Lakini mwani huvuja. Jua likiwa kali na nitrojeni ikiwa haba, unatengeneza sukari nyingi kuliko unavyoweza kuitumia kujengea mwili, na ziada inatoka nje. Vidudu vinavyoula vinautafuna ovyo, makombo na maji ya ndani yakamwagika. Virusi nao huupasua. Kwa makadirio ya kawaida, karibu nusu ya kile ambacho mwani unakitengeneza huishia kupitia kwa bakteria namna hii au ile, bila samaki kukigusa.

Walaji waliokuwa hawaonekani

Kwa muda mrefu vitabu vilichora bahari kwa mstari mmoja: mwani, vidudu vinavyoula, samaki wadogo, samaki wakubwa. Bakteria waliwekwa pembeni kama wafagiaji. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Ili kuwahesabu, watu walipaka tone la maji kwenye sahani yenye mchuzi wa lishe na kungoja makundi ya bakteria yaote. Yakaota machache, wakahitimisha kuwa bakteria wa baharini ni wachache. Kumbe sahani ile ilikuwa karamu ya kupindukia; waliozoea uji mwepesi hawakuota kabisa.

Mwaka 1974 Lawrence Pomeroy wa Marekani aliandika kuwa picha ile ya mstari mmoja haitoshi, kwamba viumbe vidogo ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya upumuaji wote wa baharini. Miaka mitatu baadaye John Hobbie na wenzake wakaonyesha njia ya kuwahesabu moja kwa moja: chuja maji, tia rangi inayong'aa inayonasa kwenye vinasaba, tazama kwa hadubini yenye taa maalumu. Wakaonekana, kama nyota usiku usio na mwezi. Mwaka 1983 Farooq Azam na wenzake wakaunganisha mambo hayo katika wazo lililopewa jina la kitanzi cha vijidudu: kaboni iliyovuja kwa mwani inarudishwa katika mlo kupitia kwa bakteria, ambao huliwa na protozoa, walaji wadogo wa seli moja, ambao nao huliwa na wakubwa wao.

Jina la mlaji mkuu lilichelewa zaidi. Mwaka 1990 Stephen Giovannoni na wenzake walisoma vinasaba vilivyokuwa katika maji ya Bahari ya Sargasso, karibu na Bermuda, wakakuta kundi la bakteria ambalo hakuna aliyewahi kulikuza. Wakaliita SAR11. Mwaka 2002 timu yake huko Oregon ilifaulu kulikuza, kwa ujanja wa kutotia mchuzi: waliwapa maji ya bahari yaliyosafishwa na karibu kitu kisichozidi hapo. Aliyeota akaitwa Pelagibacter ubique. Kundi lake ni karibu robo ya seli zote zinazoelea baharini, na pengine hakuna kiumbe aliye wengi kumzidi duniani. Ajabu iliyoje, kiumbe wa namna hiyo kutojulikana mpaka mwaka 1990.

Kula bila mdomo

Bakteria hana mdomo. Chakula lazima kipenye utando wake kikiwa molekuli moja moja, na molekuli kubwa hazipiti. Mpaka uko kama kwenye uzito wa sukari tatu nne zilizoshikana. Iliyo kubwa zaidi inabidi ikatwe nje kwanza. Baadhi ya bakteria hubeba vimeng'enya juu ya ngozi yao kwa kazi hiyo, vikikata minyororo ya sukari au protini kama mpishi anayekata muhogo. Tatizo ni kwamba vipande huelea, na jirani asiyegharamia kisu anaweza kuvidaka. Kwa sababu hiyo wapo wengine, hasa katika kundi la Bakteroideti, wanaouvuta mnyororo mzima mpaka katikati ya tando zao mbili na kuukatia humo, jirani asionje.

Pelagibacter hafanyi hayo. Yeye ni mtaalamu wa vidogo: asidi amino, asidi fupi fupi, molekuli za kaboni moja. Mwili wake ni mdogo kupita kiasi, na hilo ni sehemu ya mbinu. Anayekaanga muhogo anajua kuwa vipande vidogo vinaiva upesi, kwa kuwa ngozi ya nje ni kubwa ukilinganisha na kilicho ndani. Seli ndogo ina faida hiyo hiyo: milango mingi ya kupokea, nyumba ndogo ya kulisha. Na kwa kiumbe wa ukubwa huo maji ni mazito kama asali, hivyo kukimbilia chakula hakumsaidii sana. Anakaa, molekuli zinamgonga zenyewe kwa kuyumba yumba kwao, naye anazidaka kwa protini zilizojaa ukutani kwake.

Vitabu vyake vya maagizo navyo ni vifupi: jenomu yenye herufi milioni 1.3 tu na jeni zisizofika 1,400. Ameacha mengi njiani. Hawezi kuitumia salfa ya kawaida iliyojaa majini, inabidi aipate ndani ya molekuli zilizotengenezwa na mwani. Bila asidi amino ya glisini, au kitu cha kugeuzwa glisini, hakui. Hata kitangulizi cha vitamini B1 anakitegemea kwa wengine. Kwa maneno mengine, anayeitawala bahari ni mwombaji aliyejichagulia jirani wa kumwomba. Hugawanyika mara moja tu kwa siku moja au mbili, wakati yule bakteria wa tumboni, E. koli, katika maabara hugawanyika kila dakika ishirini.

Wapo wa tabia tofauti. Alteromonas hulala na njaa siku nyingi, halafu mwani ukifa karibu yake au kinyesi cha kidudu kikipita, anaamka, anaogelea kufuata harufu, anavimba na kuzaana kwa kasi. Ukimwaga sukari kwenye ndoo ya maji ya bahari, huyu ndiye utakayemkuta kesho yake, si Pelagibacter. Watafiti wa zamani walidhani bahari imejaa watu wa aina hii kwa sababu ndio waliokuja kwenye karamu.

Kula si kukua

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kaboni ikiingia ndani ya seli haijawa mwili. Fikiria mshahara. Unaweza kupokea laki moja, na mwisho wa mwezi ukajikuta umeongeza tofali chache tu kwenye nyumba yako, kwa sababu nyingine imekwenda kodi, nauli, umeme na chakula cha siku. Bakteria hivyo hivyo. Kila mlango wa kupokelea unaendeshwa kwa nishati. Kila protini iliyochakaa inabidi itengenezwe upya. Kulinda chumvi isiingie, kukarabati vinasaba vilivyochomwa na jua, kutengeneza vimeng'enya, vyote vinalipiwa, na malipo ni kuichoma kaboni mpaka iwe hewa ya ukaa.

Paul del Giorgio na Jonathan Cole walipokusanya vipimo vya wengi mwaka 1998, walikuta sehemu inayogeuka mwili huanzia chini ya asilimia 5 hadi karibu asilimia 60. Viwango vya juu hupatikana kwenye maji yenye rutuba, kama mito na ghuba. Katika bahari wazi, ambako uji ni mwepesi, sehemu kubwa ya kinacholiwa hupumuliwa. Maskini hulipa asilimia kubwa zaidi ya mapato yake kwa mahitaji ya lazima. Sioni sababu ya kanuni hiyo kubadilika kwa kuwa mlipaji ni seli.

Kuna na suala la mizani. Mwili wa bakteria una nitrojeni nyingi, takriban atomu moja kwa kila tano za kaboni. Akila sukari tupu amepata nishati bila matofali. Lazima nitrojeni na fosforasi zitoke kwingine, na zikikosekana kaboni inapumuliwa bure.

Kupima ukuaji wenyewe kulihitaji akili. Kuhesabu leo na kesho hakusaidii, maana wanaozaliwa wanaliwa hapo hapo na namba haibadiliki. Miaka ya 1980 zilipatikana njia mbili zinazotumika hadi sasa: wape kiasi kidogo mno cha thimidini, tofali la kujengea vinasaba, au lusini, tofali la protini, iliyotiwa alama ya mionzi. Baada ya saa moja hivi waue, wachuje, pima alama iliyokwama ndani yao. Aliyejenga ataonekana. Ila kupumua kunapimwa kwa njia nyingine, kwa saa nyingi zaidi, na ndiyo maana makadirio ya ufanisi wao yanatofautiana mno.

Na kile kinachojengwa hakidumu. Protozoa wenye mikia hula bakteria usiku na mchana. Virusi, ambavyo ni kama mara kumi ya bakteria kwa idadi, huua sehemu kubwa yao kila siku, pengine mmoja kwa kila watano. Aliyeliwa amepanda ngazi moja kuelekea kwa samaki. Aliyepasuliwa na virusi amemwagika, amekuwa tena kaboni iliyoyeyuka, na ndugu zake wanamnywa. Wapo waliotarajia kitanzi cha vijidudu kingewarudishia samaki chakula kingi. Hesabu haikukubali: ngazi ni nyingi mno, na kila ngazi kuna anayepumua.

Kinachobaki sufuriani

Turudi kwenye fumbo. Kituo cha utafiti karibu na Bermuda kimekuwa kikipima maji tangu 1988, na hadithi inayojirudia kila mwaka ni hii. Baridi inapokuja, dhoruba huyakoroga maji ya juu mpaka mita mia mbili hivi. Rutuba inapanda, mwani unachanua. Majira ya joto yanafika, maji ya juu yanatulia, na kaboni iliyoyeyuka inajilimbikiza juu huko miezi kadhaa. Bakteria wapo hapo hapo, joto lipo, na hawaigusi. Ukiwapa glukosi wanaila glukosi, wanaacha ile nyingine. Kisha baridi inarudi, mkorogo unaishusha kaboni hiyo gizani, na huko chini bakteria wengine kabisa wanaila katika wiki na miezi michache. Chakula ni kile kile. Aliyebadilika ni mlaji.

Lakini hao nao wanaacha mabaki, na mabaki hayo ndiyo sehemu kubwa ya zile tani bilioni 660. Mwaka 1987 Peter Williams na Ellen Druffel walipima umri wa kaboni iliyoyeyuka katika vilindi vya Pasifiki kwa kaboni ya mionzi, wakapata wastani wa miaka 6,000. Maji ya bahari huzunguka dunia, kutoka juu hadi vilindini na kurudi, kwa kiasi cha miaka elfu moja. Maana yake molekuli hizi zimezunguka mara kadhaa, zimepita mbele ya bakteria wasiohesabika, na zote zimekataliwa.

Mtu angesema ni baridi na mgandamizo. Kuna kisa maarufu cha Alvin, nyambizi ndogo ya utafiti ya Marekani iliyozama Oktoba 1968 hadi mita 1,500 hivi na kukaa huko miezi kumi. Mabaharia walitoka salama, ila mlo wao ulibaki ndani: mikate iliyotiwa nyama, tufaha na supu ndani ya chupa za chai. Ilipoibuliwa vililika. Vikawekwa kwenye jokofu, vikaoza katika wiki chache. Vilindi vinachelewesha kazi, hilo ni kweli. Lakini haielezi fumbo letu, kwa sababu kaboni ile ile kongwe ipo pia juu, kwenye maji ya vuguvugu ya tropiki, na huko nako hailiwi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba imebadilika umbo: bakteria wamekula kila kilicho laini, wakaacha na wakatoa wenyewe vitu vilivyosokotana mpaka hakuna kimeng'enya kinachovifungua. Nianzhi Jiao na wenzake waliliita jambo hilo, mwaka 2010, pampu ya kaboni ya vijidudu. Jesús Arrieta na wenzake wakaja mwaka 2015 na jaribio rahisi lenye kuudhi. Walichukua maji ya vilindini, wakaikusanya kaboni yake ikawa nzito mara kadhaa, wakawarudishia bakteria wa huko huko. Bakteria wakakua. Kwa maoni yao kaboni ile inalika, ila kila aina ya molekuli iko moja moja, imetawanyika mno kati ya maelfu ya aina nyingine, hata kutengeneza mlango wa kuipokea ni hasara. Ni kama duka lenye bidhaa elfu kumi, kila moja ikiwa punje moja: huwezi kununua kilo ya chochote.

Wapinzani wao hawakukubali. Kama ni wembamba tu wa uji, walisema, iweje molekuli za umri wa jana zisibaki nazo kwa kiasi hicho hicho? Mimi naona pande zote mbili zina kipande cha ukweli, kwa kuwa ugumu na uhaba ni bei mbili za duka moja, lakini jaribio la Arrieta linanivuta zaidi. Hali ya kinyume, ya chakula cha aina moja kikiwa kingi, inaonekana kwenye matumbawe. Mwaka 2006 watafiti waliwapa matumbawe sukari za aina mbalimbali katika maji yao. Bakteria waishio kwenye utelezi wa matumbawe wakaongeza kasi ya kukua karibu mara kumi, na matumbawe yakafa. Penye kitu kimoja kingi, bakteria wa baharini hasiti hata dakika.

Molekuli kongwe zina adui mmoja asiyejali wembamba wala ugumu: jua. Kila kusi inapovuma, kuanzia Juni hadi Septemba, maji ya juu ya pwani ya Somalia na Omani husukumwa kwenda mbali na nchi, na maji ya baridi ya chini hupanda kushika nafasi yao. Yanapofika juu, yanabeba kaboni ambayo sehemu yake ilikuwa sehemu ya kiumbe kabla piramidi hazijajengwa. Mwanga mkali unaikatakata kuwa vipande vidogo kama piruvati, vya ukubwa unaopita mlangoni, na bakteria wa kwanza kugongwa na kipande hicho anakimeza siku hiyo hiyo.